Kupiga Hodi na Kupiga Picha: Juu ya Jicho la Mpiga Picha wa Mitaani

Kiswahili kina vitenzi vitatu ambavyo hukaa karibu karibu kama ndugu wa nyumba moja, navyo ni kuona, kutazama na kuangalia. Katika mazungumzo ya kila siku msemaji hutumia kimoja mahali pa kingine wala hakuna anayemsahihisha. Lakini vitenzi hivi vinaponyambuliwa, udugu wao hufarakana. Katika kuona hupatikana kuonea, na katika kuonea hupatikana uonevu. Katika kutazama hupatikana kutazamia, yaani kungoja jambo kwa matumaini kabla halijatokea. Katika kuangalia hupatikana uangalifu, yaani hadhari na utunzaji. Tofauti hiyo yawafaa wanasarufi, lakini yafaa pia kuwa kipimo cha sanaa moja inayopendwa sana na vijana wa Dar es Salaam wa siku hizi: sanaa ya kupiga picha za mitaani, pasipo studio wala pazia, katika mwendo wa maisha kama yalivyo.

Swali linaloulizwa mara kwa mara na wanaoanza kazi hiyo ni hili: ilhamu hutoka wapi, na jicho hukuzwa namna gani? Jawabu la kawaida ni kwamba ilhamu iko mbali. Mwanafunzi huambiwa asafiri, atafute lenzi bora, azitazame kazi za mabingwa wa Paris na New York. Jawabu hilo lina sehemu yake ya kweli, kwa kuwa hakuna fundi asiyejifunza kwa fundi mwenziwe. Hata hivyo, historia ya sanaa yenyewe yaonyesha kwamba njia ya ilhamu haikuelekea upande mmoja tu. Yapata mwaka 1930 Martin Munkácsi, mpiga picha mzaliwa wa Hungaria, alipiga picha ya wavulana watatu wa Kiafrika wakikimbilia mawimbi, migongo yao ikielekea kamera. Mfaransa Henri Cartier-Bresson aliiona picha hiyo alipokuwa kijana, naye alikiri baadaye kwamba ndiyo iliyomwasha moto wa kazi yake. Mwaka 1952 alitoa kitabu kilichoieneza duniani fikra ya nukta moja ya wakati ambayo mpiga picha hana budi kuidaka kabla haijapotea.

Basi chemchemi mojawapo ya sanaa hii ni miili ya watoto wa Afrika. Lakini ni watoto gani, na wa wapi? Majina yao hayajulikani. Hata mahali pana mashaka: wengine huiita picha ya Ziwa Tanganyika, na wengine huiita picha ya Liberia. Kati ya nchi hizo mbili pana upana mzima wa bara, na picha haikupungukiwa na sifa hata chembe kwa kutojulikana mahali ilipopigwa. Hapa ndipo pa kuanzia uhakiki. Picha hii ni nzuri mno kwa umbo. Lakini jicho lililoipiga liliona bila kuuliza, na dunia iliyoisifu haikuuliza pia.

Kitenzi cha pili, kutazama, ndicho kinachoeleza vizuri zaidi ufundi wa Cartier-Bresson, maana fundi huyo alikuwa mtu wa kutazamia. Ufundi wa namna hiyo hauhitaji safari ya mbali. Kivukoni pekee patosha kuwa shule. Alfajiri jua huchomoza upande wa bahari na Kigamboni, na mtu asimamaye penye kivuko huliona pantoni likija likiwa jeusi juu ya maji yenye kung'aa. Kabla mlango wa mbele haujateremshwa, abiria husogea, hushika vizuri mizigo na baiskeli zao, na nyuso zote huelekea nchi kavu. Kisha umati humwagika, na baada ya dakika chache pahali pale pale hubaki patupu mpaka safari ifuatayo. Jambo hili hurudiwa kutwa nzima. Asiyekuwa na subira huliona mara moja akaondoka, akisema kwamba hapana jipya. Mwenye kutazama hurudi kesho na kesho kutwa, hata ajue ni wapi umati hugawanyika, ni nani hutangulia, na ni wakati gani mtu mmoja husimama peke yake katikati ya wanaokwenda mbio.

Soko la samaki la Feri, lililo hatua chache kutoka hapo, hutoa somo hilo hilo kwa namna nyingine. Penye mnada wa samaki mgeni huelekeza kamera kwa mnadi, kwa sababu yeye ndiye mwenye sauti. Aliyezoea hutazama mikono ya wanunuzi, kwa kuwa kidole huinuka kabla ya bei kutajwa, na jicho la mchuuzi huhesabu faida yake kabla kidole hakijainuka. Hiyo ndiyo ilhamu kwa maana yake ya kazi: kuijua shughuli kiasi cha kutambua kinachokaribia kutokea. Mpiga picha asiyejua samaki huuzwaje hataona mnada, ataona kelele tu.

Kariakoo huongeza somo la kuchagua. Mtaa huo ulipata jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Hivyo jina lenyewe ni kumbukumbu ya watu waliobeba mizigo. Hadi leo mizigo ndiyo inayoonekana kwanza: mikokoteni, marobota ya mitumba, ndoo za plastiki zilizopangwa hata kumfunika azibebaye. Katika Mtaa wa Kongo na katika Msimbazi vitu ni vingi hata picha ya mwanafunzi hujaa bila kusema neno. Aidha, katika nchi iliyo karibu na ikweta kama hii, jua la saa sita huwa juu ya utosi, na nyuso hupotea katika kivuli cha kofia na cha kanga. Magorofa yaliyochukua mahali pa nyumba za Kiswahili na baraza zake yameleta vivuli virefu vya asubuhi na vya alasiri, vikigawa njia sehemu mbili, ya mwanga na ya giza. Mpiga picha mwenye akili huchagua ukingo wa kivuli kimoja akangoja mtu avuke. Jengo la soko lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, ambalo moto uliliunguza mwezi Julai mwaka 2021, lafundisha jambo hilo kwa paa zake zilizo mithili ya miavuli: alilijenga mtu aliyejua kwamba katika soko la pwani kivuli ni bidhaa ya kwanza.

Lakini kuchagua mwanga si kuchagua haki, na hapa hurudi kitenzi cha kwanza pamoja na mtoto wake mbaya, uonevu. Mtu aweza kuona vema sana, na kwa kuona kwake akaonea. Ushahidi wa kale upo. Walther Dobbertin, Mjerumani aliyefanya kazi ya picha nchini kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na wakati wa vita hivyo, aliacha hazina kubwa ya picha za Dar es Salaam na za bara, na hapana shaka juu ya ustadi wake. Hata hivyo, katika picha za zama hizo, na zaidi katika postikadi zilizouzwa kwa wasafiri, Mwafrika aghalabu hutajwa kwa kabila lake au kwa kazi yake, si kwa jina lake. Mtu amefanywa mfano wa aina, kama jani lililokaushwa kitabuni.

Asidhani mtu kwamba desturi hiyo ilikwisha pamoja na ukoloni. Picha ya mpagazi aliyeinama chini ya gunia, iliyopigwa jana kwa simu ya mkononi na kupewa maneno mawili juu ya umaskini au juu ya bidii ya Mwafrika, ni postikadi ile ile katika vazi jipya. Tena madhara yake yaweza kuwa makubwa zaidi, kwa sababu postikadi ilikwenda Ulaya, na picha ya simu huzunguka Kariakoo yenyewe kabla ya magharibi. Mwezi Oktoba mwaka 2021 wamachinga wa Dar es Salaam waliamriwa kuondoka kando ya barabara na katika njia za waendao kwa miguu. Katika hali kama hiyo, picha ya mchuuzi aliyepanga viatu vyake mahali palipokatazwa haiwi sanaa peke yake, yaweza kuwa ushahidi juu yake. Mpiga picha hupata sifa, na mwenye uso hubaki na hatari.

Lugha yenyewe hutambua tofauti hii kwa namna ya ajabu. Katika msemo kupiga picha hamna pigo, kama vile hamna pigo katika kupiga kura, kupiga pasi, wala kupiga magoti. Zaidi ya hayo, msemo huu hutumiwa na pande zote mbili. Mtu aliyekaa mbele ya kamera katika studio husema, «Nimekwenda kupiga picha,» ijapokuwa aliyebonyeza kitufe ni mwingine. Yeye naye ni mtenda. Lakini aliyenaswa njiani pasipo kujua husema, «Nimepigwa picha,» na hapo kitenzi hurudia ukali wake, kikaketi jirani na kupigwa kofi na kupigwa faini. Kauli ya kutendwa imechukua mahali pa kauli ya kutenda, na malalamiko yote ya mtaani yamo katika silabi hiyo moja.

Studio za pwani zilijua kumfanya mpigwaji kuwa mtenda. Huko Unguja Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na watu waliingia wakiwa wamevaa walivyotaka kukumbukwa. Huko Mombasa, katika miaka ya 1990, wapiga picha wa kivuko cha Likoni walisimamisha vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa, na abiria alijichagulia mandhari yake kabla ya kuvuka. Kazi zao ziliwahi kudharauliwa kuwa ni za mapambo. Dharau hiyo si ya haki, maana katika vibanda vile mnyonge wa mjini aliamua mwenyewe aonekane vipi.

Wapo watakaojibu kwamba ukiomba ruhusa, nukta ya wakati hufa. Mtu hujiweka sawa, hutabasamu, na picha huwa ya studio bila studio. Jibu hilo lina uzito. Tena iko kazi isiyoweza kungoja: Mohamed Amin, aliyekulia Dar es Salaam na kuanzisha Camerapix humo mwaka 1963, asingeweza kubisha mlango wa mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964. Lakini picha ya habari yabebwa na haja ya umma kujua, wala picha ya mitaani haina mbeleko hiyo. Isitoshe, kupiga hodi si lazima kuombe ruhusa ya kila picha. Mtaa hauna mlango, lakini una hodi yake, nayo ni salamu, kununua chai kwa mama lishe, kurudi siku ya tatu na ya kumi, na kuleta picha iliyochapishwa kumpa aliyemo. Mtu aliyezoeleka hivyo hupita na kamera yake bila kuvuruga shughuli, na nukta ya wakati haifi mbele yake. Na akiambiwa «sitaki», huondoka. Picha chache zitapotea kwa njia hii, na yafaa zipotee.

Hivyo ndivyo kuangalia kunavyozaa uangalifu. Kwa mpiga picha, uangalifu huo huendelea hata baada ya kitufe kubonyezwa, katika kuchagua picha ipi itoke na ipi ibaki, na katika maneno yaandikwayo chini yake. Maneno hayo ni nusu ya kazi, nayo ndiyo nusu inayopuuzwa. Mahali patajwe sawasawa, si «soko la Afrika» bali Feri, au pembe fulani ya Mtaa wa Swahili. Shughuli itajwe kwa jina walilonalo waifanyao. Jina la mtu litajwe akiridhia, na lifichwe ikiwa kulitaja kutamdhuru. Kijana wa Dar es Salaam ana faida hapa ambayo Munkácsi hakuwa nayo: aijua lugha ya watu aliowaelekezea kamera. Akiiacha faida hiyo nyumbani, akatoka na macho peke yake, atakuwa mgeni katika mji wake mwenyewe, na picha zake, hata zikisifiwa, zitabaki kama ile ya wavulana watatu wa ufukoni, nzuri, isiyo na majina, na isiyojua iko wapi.