Kuunganisha au Kuoanisha?

Mwalimu mmoja mstaafu wa Kunduchi ametuletea karatasi ya maelezo iliyofungwa pamoja na kisanduku chake cha kuonyeshea filamu kwa njia ya intaneti. Mfasiri wake ametumia kitenzi "unganisha" mara tatu: kwa waya wa televisheni, kwa mtandao wa nyumbani, na kwa rimoti. Rimoti ilipogoma, mwalimu alishinda akichomoa na kuchomeka waya, hatimaye akamlipa fundi. Fundi alibadili betri, akashikilia kitufe kimoja sekunde 10 hivi, kazi ikaisha.

Kosa si la mwalimu. Rimoti za zamani aghalabu hutumia miali ya infraredi isiyoonekana kwa macho. Ikielekezwe tu kwenye chombo, yatosha. Hii mpya hutumia Bluetooth: sharti vyombo viwili vitambuane kwanza, na betri dhaifu huweza kuzuia utambuzi huo. Kwa tendo hilo lugha yetu inalo neno: oa, oana, oanisha. Kweli, "unganisha" nalo limetokana na "ungana", lakini matumizi yamekwisha kulipeleka kwenye waya, na msomaji hulifuata huko huko.

"Kidhibiti cha mbali" kilichomo katika kichwa cha karatasi sikikatai, ila Kunduchi hata mtoto husema rimoti, nayo ina ngeli na wingi wake bila taabu. Yafaa karatasi hiyo ipigwe chapa upya: waya uchomekwe, mtandao uunganishwe, rimoti ioanishwe.