Masimulizi na Hati: Uchambuzi wa Njia ya Alex Haley

Utafiti wa nasaba, yaani ufuatiliaji wa vizazi kutoka kwa mtu aliye hai kurudi nyuma hadi kwa wahenga wake wa mbali, mara nyingi huanzwa na watu waliokwisha kumaliza majukumu ya ajira na malezi. Mfano unaojulikana sana ni wa Alex Haley, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1921, akastaafu katika kikosi cha walinzi wa pwani wa Marekani mwaka 1959, kisha akachapisha kitabu chake Roots mwaka 1976 akiwa na umri wa miaka 55. Umaarufu wa kitabu hicho, kilichofanywa tamthilia ya televisheni Januari 1977, umeifunika njia iliyotumika kukitayarisha, ingawa njia hiyo ina mafunzo mengi kwa yeyote anayetaka kuujua ukoo wake ukubwani.

Haley alianza pale ambapo kila mtafiti wa nasaba anapaswa kuanza, yaani kwa wazee wa nyumbani. Utotoni huko Henning, Tennessee, alimsikia bibi yake na ndugu zake wakisimulia habari za mhenga wao aliyeitwa Kintay, aliyekamatwa alipokwenda kukata mti wa kuchongea ngoma, na aliyeendelea utumwani kuuita mto Kamby Bolongo na gitaa ko. Masimulizi hayo aliyalinganisha na sensa ya mwaka 1870, akamkuta baba wa bibi yake, Tom Murray, mhunzi wa Alamance, North Carolina, pamoja na mkewe Irene na watoto wao. Sensa hiyo ina uzito wa pekee, kwa kuwa katika orodha za watumwa za mwaka 1850 na 1860 waliandikwa kwa kawaida umri, jinsia na rangi chini ya jina la bwana, pasipo majina yao wenyewe. Hatua hii ndiyo iliyokuwa imara kuliko zote, kwa sababu kumbukumbu ya familia na waraka wa serikali vilipatikana kila kimoja kwa njia yake, navyo vikaafikiana.

Hatua ya pili ilikuwa kuyatafutia asili yale maneno machache, na hapo Haley alimwendea Jan Vansina, mwanahistoria Mbelgiji aliyefanya utafiti wake miongoni mwa Wakuba wa Kongo, kisha Rwanda na Burundi, na aliyetetea kwa hoja nzito kwamba mapokeo simulizi ni chanzo halali cha historia iwapo yatapimwa kama hati zinavyopimwa. Vansina aliona kwamba maneno hayo yaelekea kuwa ya Kimandinka, kwamba ko huenda ni kora, ala ya nyuzi ya Afrika Magharibi, na kwamba mto uliotajwa ni Gambia.

Kasoro ilijitokeza katika hatua ya tatu. Haley alipofika Gambia alieleza kwanza kwa wenyeji wake jina na kisa alichokuwa akikitafuta, na baadaye, mwaka 1967, akapelekwa katika kijiji cha Juffure kwa Kebba Fofana, aliyetambulishwa kwake kuwa jali, yaani msimulizi anayerithi kazi ya kuhifadhi nasaba za koo. Fofana alimsimulia habari za Kunta Kinte aliyetoweka alipokwenda kukata kuni, wakati walipofika askari wa mfalme. Baadaye wachunguzi, akiwemo mwandishi Mark Ottaway mwaka 1977 na mwanahistoria Donald Wright mwaka 1981, walionyesha kwamba Fofana hakuwa jali wa kurithi, na kwamba kisa hicho kilikuwa kimekwisha kujulikana kabla mgeni hajaketi kukisikiliza, hivyo kufanana kwa simulizi mbili hakukuwa tena ushahidi wa lolote.

Juu ya msingi huo ndipo zilipojengwa hati za hatua ya nne. Haley aliwahusisha askari wa mfalme na mwaka 1767, akaipata meli Lord Ligonier iliyoingia Annapolis tarehe 29 Septemba mwaka huo, kisha akaiona hati ya mwaka 1768 ambamo John Waller wa Virginia alimhamishia nduguye William mali iliyomjumuisha mtumwa aitwaye Toby, akahitimisha kwamba Toby ndiye Kunta. Watafiti Gary Mills na Elizabeth Shown Mills walipozipitia kumbukumbu za akina Waller, walimkuta Toby tangu mwaka 1762, miaka 5 kabla ya meli hiyo kutia nanga, na ikaelekea kwamba alikwisha kufa kabla ya mwaka 1782, ilhali kitabuni binti yake Kizzy anazaliwa mwaka 1790.

Hati zilizoivunja hoja hiyo zilihusu familia ileile ya akina Waller, ila kuzifikia kulihitaji swali la kinyume, yaani kama yupo Toby aliyetangulia meli. Kwa hiyo anayechunguza ukoo wake hana budi kumwacha mzee aseme yote anayoyajua kabla ya kutajiwa jina lolote, kuuliza ni nani mwingine aliyewahi kumhoji, na kila anapopata hati inayoafiki dhana yake, kusoma pia kumbukumbu za miaka iliyoitangulia na iliyoifuata, akitafuta kwa makusudi tarehe inayoweza kuikanusha. Masimulizi ya Henning yalivumilia kipimo hicho hadi kwa Tom Murray, na mtafiti mwaminifu angeyaandika kama jambo lililothibitishwa hadi hapo, kisha sehemu iliyobaki akaiandika kama dhana inayosubiri ushahidi.