Kisieni Kwanza

Mwalimu hodari wa hisabati utamtambua kwa jinsi anavyokizuia kidole chake. Grafu ya y = x² imeshatua ukutani kutoka kwenye projekta, pembeni kuna vishikio vitatu vya kuvuta, a, b na c za y = ax² + bx + c, na kidato cha tatu chote kina hamu ya kuona kitu kikicheza. Havuti. Anauliza, "Nikiongeza b, grafu itakwenda wapi?" Kisha anasubiri mpaka kila mmoja aandike jibu lake kwenye daftari, hata yule wa dawati la nyuma aliyezoea kuchungulia kwa jirani.

Ufundi wa mwalimu huyo ndio ninaousifu hapa, kwa sababu vifaa vyenyewe si haba siku hizi. Programu ya GeoGebra, ambayo Markus Hohenwarter aliianzisha mwaka 2001 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria, hupatikana bure, na ikishawekwa kwenye kompyuta au simu hufanya kazi hata pasipo intaneti. Kwa shule nyingi za kwetu hilo lina uzito kuliko rangi na madoido yake yote. Sisi wa enzi za chaki tulitengeneza jedwali la x kuanzia -3 hadi 3, tukatia nukta saba, tukaziunganisha, na kipindi kikaisha tukiwa na parabola moja. Jedwali hilo nisingelifuta. Mtoto ambaye hajakokotoa mwenyewe kwamba -3 mara -3 ni 9 hataelewa kwa nini upande wa kushoto unapanda sawasawa na wa kulia. Ila parabola moja haimwonyeshi mtu jinsi parabola zinavyobadilika.

Turudi kwenye b. Herufi c haina ugomvi: ukiiongeza, grafu nzima inapanda. Nayo a ikikua, grafu inajibana. Ikifika sifuri, inanyooka kuwa mstari. Ikishuka chini ya sifuri, inapinduka. Lakini kwa b wengi wataandika kwamba grafu itasogea kulia. Mwalimu anavuta, na grafu inakwenda kushoto huku ikizama. Anairudisha mpaka sifuri, inapanda. Anaendelea upande wa hasi, inazama tena, safari hii kulia. Darasa linalipuka kwa ubishi, naye anauacha ubishi uwake. Ndipo anapokiamuru kipeo, ile nukta ya chini kabisa ya grafu, kiache alama kila kinapopita. Anavuta tena, taratibu. Alama zinajipanga ukutani moja baada ya nyingine, na zinachora parabola nyingine, iliyopinduka: y = -x².

Kwa nini? Hapo projekta haina jibu, na mwalimu anajua. Anashika chaki. Kipeo cha y = x² + bx kinakaa pale x inapokuwa -b/2, maana yake b ni -2x. Ingiza hiyo kwenye mlinganyo, unapata x² - 2x², yaani -x². Ni mstari mmoja tu wa aljebra, tena ule ule ambao wiki iliyopita ungewapa usingizi. Leo wanauomba wenyewe, kwa kuwa kuna jambo wameliona kwa macho na limewakera kutolielewa.

Dan Meyer, aliyepata kufundisha sekondari huko California, aliujenga ufundi huu juu ya mpira wa kikapu. Mtu anarusha, na picha inasimamishwa mpira ukiwa bado angani. Utaingia? Wanafunzi wanajifunga kwa jibu. Baadaye ndipo wanapopewa parabola ya kuvuta na kuilaza juu ya picha za mpira, wakiwa huru kubadili jibu. Mwishowe video inaachiwa iwaamue. Galileo alichapisha mwaka 1638 uthibitisho kwamba kitu kilichorushwa, tukiacha ukinzani wa hewa, hufuata njia ya parabola, na sidhani kuna kijana anayemsikiliza Galileo vizuri kuliko yule aliyeshabishana kuhusu mpira ule.

Inaniuma kuona vifaa hivi vikitumiwa kupitisha slaidi tu, jibu likiwa limeshaonyeshwa kabla swali halijaulizwa. Mtoto anatazama, anakubali, anasahau.

Fundi, kwa upande wake, hathubutu kuacha hata kile darasa linachodhani limeshakimaliza. Walikubaliana kwamba a ikikua grafu inajibana, sivyo? Basi siku nyingine analeta simu mbili: moja ina y = x², nyingine y = 10x². Anauliza kama ni umbo moja, wote wanakataa. Anamwita mmoja aikuze ile ya pili mara kumi kwa vidole viwili, mihimili yote kwa pamoja, kisha aziweke simu sambamba. Mikunjo inalingana kabisa. Duara zote zina umbo moja, na parabola zote vivyo hivyo. Tulichokiita kujibana kilikuwa ni umbali tuliosimama kuitazama. Sasa wathibitishe kwa chaki, wakianza na kuandika X badala ya 10x na Y badala ya 10y.