Fani ya Kumtambua Aliyemwacha Mtu

Bao linapofungwa, na shangwe za waliofunga na miguno ya waliofungwa inapotulia, husalia swali moja ambalo kwa watu wa Muthurwa, jijini Nairobi, na kwa jirani zao wa Shauri Moyo, Kaloleni na Makongeni, haliwezi kuahirishwa hata kwa saa moja: ni nani aliyemwacha mtu? Huliuliza makanga na kinyozi, mwanafunzi na msukuma mkokoteni, na aghalabu hujibiwa papo hapo, kwa sauti kubwa na kwa yakini isiyo na msingi, kwa kuwa jibu la haraka halihitaji ila kumtazama mshambuliaji aliyefunga na kumtaja beki aliyekuwa karibu naye. Muradi wangu katika insha hii ni kuwasifu wale wachache wasiojibu papo hapo, ambao hunyamaza kwanza, wakalirudisha bao nyuma katika fikira zao hatua kwa hatua, mpaka wakafika mahali ambapo taksiri ilizaliwa, na mahali hapo mara nyingi ni mbali sana na lango.

Nawasifu kwa sababu beki anayeonekana ubavuni mwa mfungaji wakati mpira unapoingia wavuni, mara nyingi mno, ndiye mtu pekee aliyejaribu kuliziba kosa la mwenzake. Alikuwa na mtu wake mwenyewe wa kumkaba. Akamwona mtu wa mwingine yu huru mbele ya lango. Akamwacha wake akamkimbilia yule, akachelewa hatua moja. Na kwa hatua hiyo moja picha ya gazeti ikamnasa yeye, ilhali aliyejisahau hayumo pichani kabisa. Mlinzi mvivu huokolewa na uvivu wake, maana hayupo mahali pa msiba. Mlinzi mwenye bidii hutiwa hatiani na bidii yake. Dhuluma hii hutendeka kila mwisho wa juma katika viwanja vyetu, na wako vijana walioichukia nafasi ya beki wakaomba kucheza mbele, si kwa kuwa hawakuwa na kipawa cha kulinda, bali kwa kuchoka kulipishwa madeni wasiyoyakopa.

Labda si ajabu kwamba fani hii imestawi Muthurwa. Mtaa huu ulijengwa zama za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika wa reli, na watu wa reli wanalo somo lao la kale, kwamba behewa linaloanguka silo lililokosa. Treni ikiacha njia, wakaguzi wenye kuijua kazi yao hawamalizi siku nzima kulizunguka behewa lililolala ubavu. Hurudi nyuma kwa miguu wakiitazama reli na mataruma, mpaka waione alama ya kwanza ya gurudumu lililopanda juu ya chuma, na hapo ndipo maswali huanza. Aliyelelewa katika nyumba ambamo mambo kama hayo yalizungumzwa wakati wa chakula cha jioni hawezi kuridhika na jibu la kwamba aliyekosa ni aliyekuwa karibu.

Nimemwona fundi mmoja wa fani hii akiifanya kazi yake, na napenda nimweleze kwa urefu. Ni mzee auzaye nafaka katika soko la Muthurwa, mtoto wa mtu aliyekuwa akigeuza njia za treni, na vijana wa mtaani humwendea kila baada ya mechi wakijua kwamba hatawapa jibu kabla ya kuwauliza maswali yake. Huchukua punje kumi na moja za mahindi na kumi na moja za maharagwe mekundu, akazipanga juu ya ubao mbele ya magunia yake, na chembe moja ya ndengu ikawa ndiyo mpira. Siku hiyo timu ya mtaa ilikuwa imefungwa bao la kichwa, na vijana walifika wakiwa wamekwisha kukata hukumu.

"Mzee, ni nambari tatu," mmoja wao alimwambia. "Mtu alikuwa wake, akamwacha."

"Tulia, kijana wangu. Nambari tatu alikuwa anatoka wapi?"

"Alikuwa hapo hapo katikati."

"Nambari tatu ni beki wa kushoto. Katikati alikwenda kufanya nini?"

Kijana akanyamaza, na mzee akaanza kuzirudisha punje nyuma, moja baada ya moja. Nambari tatu aliingia katikati kwa sababu mshambuliaji wa pili wa wapinzani alikuwa hana mtu. Hana mtu kwa nini? Kwa sababu nambari tano, aliyekuwa akimkaba, amesogea kumkabili mshambuliaji wa kwanza. Na aliyekuwa akimkaba mshambuliaji wa kwanza alikwenda wapi? Nambari nne ametolewa nje mpaka kwenye mstari wa pembeni, kwenda kumzuia winga asipige krosi. Na winga huyo aliupata wapi uwanja mpana kama ule? Katika nafasi ya nambari mbili, beki wa kulia, aliyekuwa amepanda kushambulia. Hapo vijana wote wakapaza sauti kwamba basi aliyekosa ni nambari mbili, na mzee akatikisa kichwa. Aliwakumbusha kwamba katika kipindi cha kwanza nambari mbili alipanda mara tatu mbele ya macho yao, na kila alipopanda, nambari sita, kiungo mkabaji, alishuka akalijaza pengo lake; kwa hiyo hayo yalikuwa mapatano, na beki aliyepanda alikuwa akitii agizo la kocha wake. Kisha akakigusa kwa kidole kijipunje kimoja cha mahindi kilichosalia peke yake katikati ya ubao, pale mpira ulipopotea, ambacho hakuna aliyekuwa akikitazama. Nambari sita alikuwa amesimama pale pale, mikono juu, akimlalamikia refa kwamba amechezewa vibaya.

Wala haikuwa hasira iliyomwelekeza mzee kwa nambari sita, ila ushahidi. Mtu asiyejua mlinzi aliagizwa nini hawezi kujua kama ameasi, na maagizo hutolewa katika chumba cha kubadilishia nguo ambako mtazamaji haingii. Basi mwenye fani huyatafuta maagizo hayo katika vitendo vilivyotangulia. Hutazama nani aliyemfuata nani mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Hutazama kama kona zinalindwa kwa kila mtu na mtu wake au kwa kila mlinzi na eneo lake, maana katika ulinzi wa eneo mshambuliaji anayeruka bila ya kuguswa huenda hakuwa wa mtu yeyote mpaka alipoingia katika duara la mlinzi fulani. Hutazama mstari wa mabeki unapopanda kutega mtego wa kuotea, na kumtafuta aliyebaki nyuma hatua mbili, ambaye kwa kawaida ndiye wa kwanza kumwinulia mkono mshika kibendera. Hutazama mikono hasa: mkono unaonyooshwa kabla ya bao ni ushahidi, kwa kuwa unamwonya mwenzake, ilhali mkono unaonyooshwa baada ya bao ni utetezi tu.

Zamani kazi hii ilikuwa nyepesi kuliko sasa. Sheria ya kuotea ilipolegezwa mwaka 1925, mshambuliaji akahitaji wapinzani wawili badala ya watatu kati yake na mstari wa goli, Herbert Chapman, kocha wa Arsenal, alimshusha sentahafu akamweka katikati ya mafulbeki wawili, na mpango ule ukaenea ulimwenguni, ukafika mpaka katika viwanja vya bandari na reli za kwetu. Kila mlinzi alikuwa na mtu wake aliyeandikwa mgongoni: fulbeki na winga, sentahafu na sentafowadi. Akifunga sentafowadi, humtafuti mwingine. Lakini tarehe 25 Novemba 1953, katika uwanja wa Wembley, Hungaria iliivuruga hesabu hiyo mbele ya umma. Nandor Hidegkuti, aliyevaa nambari 9, hakusimama mbele kama ilivyozoeleka, bali alirudi nyuma katikati ya uwanja, na Harry Johnston, sentahafu wa Uingereza, akawa na njia mbili zote mbaya: akimfuata, anaacha shimo mbele ya lango lake, akibaki, Hidegkuti anacheza bila ya bughudha. Hidegkuti alifunga mabao 3, Hungaria ikashinda 6 kwa 3, na Johnston hakuichezea Uingereza tena. Mimi nashikilia kwamba hakuna hukumu iliyomdhulumu mlinzi kuliko ile. Lililokosekana lilikuwa agizo, na agizo ni kazi ya wenye kupanga timu.

Walioipeleka fani hii mbali zaidi ni Wamarekani katika mpira wao wa Kimarekani (American football), mchezo ambao baadhi yetu tulianza kuufuatilia mwaka 2013, Mkenya Daniel Adongo alipotoka katika raga akaingia timu ya Indianapolis Colts. Huko, kabla ya kila shambulio, walinzi 11 hupewa mpango mmoja: ama kila mtu na mpokeaji wake, ama kila mtu na kipande chake cha uwanja, ama mchanganyiko wa hayo mawili, na mpokeaji akipita huru, asiyeujua mpango hawezi kamwe kusema kwa haki ni nani aliyekosa. Tarehe 12 Januari 2013 mjini Denver, timu ya nyumbani ikiongoza 35 kwa 28 na ikiwa imesalia chini ya dakika moja, Joe Flacco wa Baltimore aliurusha mpira mbali, Jacoby Jones akaudaka akaenda nao, na shambulio hilo moja likala yadi 70. Mtazamaji mgeni angemlaumu Tony Carter, mlinzi wa pembeni ambaye Jones alimpita. Lakini Carter alimwachilia apite kwa kuwa nyuma yake alikuwapo Rahim Moore, ambaye kazi yake ilikuwa ni hiyo moja, asipitwe na mtu yeyote. Na Moore aliukosea mpira hesabu, ukamvuka juu ya kichwa. Baltimore walishinda 38 kwa 35 katika muda wa nyongeza, na baadaye wakatwaa ubingwa. Moore hakumsukumia mwenzake lawama. Aliikubali taksiri yake mbele ya waandishi wa habari, na kwa hilo anastahili heshima.

Fundi huitazama saa pia. Huko Cairo tarehe 27 Juni 2019, Michael Olunga aliisawazishia Kenya dhidi ya Tanzania katika dakika ya 39, na Mbwana Samatta akairudisha Tanzania mbele katika dakika ya 40. Wakenya tulishinda 3 kwa 2 mwishoni, na furaha ikayafunika yote. Lakini ile dakika moja ingali yafaa kusomeshwa, kwa kuwa hakuna wakati ambapo mabeki husahau nafasi zao kama wakati ambapo wenzao wa mbele wametoka kufunga.

Kinachowazuia wengi wasiijue fani hii si upungufu wa akili. Tumefundishwa kuufuata mpira. Zama za Sauti ya Kenya, tulipokuwa tukizisikiliza mechi kwa redio, na Leonard Mambo Mbotela akiwa bingwa wa watangazaji, tuliachiwa usemi ambao wazee wa Eastlands wanautaja mpaka leo, "Kadenge na mpira", na naupenda usemi huo kama nimpendavyo mchezaji mwenyewe, marehemu Joe Kadenge, ambaye uwanja wa Barabara ya Jogoo umepewa jina lake. Walakini sikio lililomfuata Kadenge halikuwasikia wale 21 wengine, na televisheni iliporithi nafasi ya redio ilirithi na mazoea hayo, ikawa inatuonyesha mpira kwa karibu, kisha mfungaji akishangilia, kisha uso wa beki aliyeinamisha kichwa. Wamarekani nao walikuwa hivyo hivyo, mpaka mwaka 2012 ligi yao ya NFL ilipowafungulia watazamaji picha zile ambazo hapo awali zilikuwa za makocha, zinazopigwa kutoka juu na kuwaonyesha wachezaji wote 22 kwa pamoja tangu mwanzo wa shambulio hadi mwisho wake. Mpira wetu nao una wachezaji 22, wala hakuna kanuni inayotukataza kuwatazama wote.

Nawaomba basi watangazaji wa televisheni, bao linapofungwa, waturudishie walau mara moja picha ya mbali, ianzie pale mpira ulipopotea. Na makocha wa timu za vijana wa Muthurwa na mitaa jirani, ambao hawana kamera za thamani, nawasihi wampandishe mtu mmoja ghorofani au juu ya ukuta na simu ya mkononi, awapige picha wote 22 bila ya kuufuata mpira, kisha waitazame picha hiyo pamoja na wachezaji wao kabla ya kumweka yeyote benchi.