Haipamidia si sauti tupu

Juzi nikiwa Gazi, Kaunti ya Kwale, mpwa wangu alinionyesha kazi aliyoiunda kwenye kompyuta. Ukibofya picha ya mkandaa, unamsikia bibi akieleza kwa Kidigo jinsi gome lake linavyotumiwa kutia rangi. Ukibofya mchu au mlilana, unapelekwa kwingine kabisa.

"Mjomba, hii niiandike ni nini? Fomu yataka aina moja tu." Tayari alikuwa amejaza 'sauti'.

Hapo ndipo penye kosa. Kazi ya namna hii ni haipamidia, istilahi iliyobuniwa na Ted Nelson katika miaka ya 1960. Uti wa mgongo wake si sauti wala picha, bali viungo vinavyompa msomaji uhuru wa kuchagua njia. Viondoe, utabaki na vipande.

Mfumo wa Dublin Core, ulioasisiwa mwaka 1995, una vipengele 15 vya msingi. Msamiati wake wa aina una majina 12, yakiwemo matini, sauti, picha mnato na programu. Haipamidia haimo. Iliyo karibu nayo ni 'rasilimali ingiliani', isiyoeleweka mpaka mtumiaji aishiriki. Hata hivyo, jina hilo pekee halitoshi, maana fomu ya kujazwa mtandaoni nayo imo humo humo.

Wapo watakaosema ati tubuni jina la 13, mambo yaishe. Sikubaliani nao. Mfumo wenyewe unaruhusu kipengele kirudiwe. Ila ni ya fomu inayolazimisha jibu moja. Tuandike 'ingiliani', tuongeze 'sauti' na 'picha', kisha kipengele cha uhusiano kitaje kila kipande ni sehemu ya kazi ipi.

Somo hili si geni kwetu. Mulokozi, alipoainisha fasihi simulizi mwaka 1989, hakutazama umbile pekee. Alizingatia pia muktadha na namna ya uwasilishaji kwa hadhira. Mbona tuyasahau hayo tukifika kwenye kompyuta?

Nilipoteremka hadi kipengele cha lugha, nikakuta 'Kiswahili'. Nikamwambia, "Mwanangu, Kidigo kina msimbo wake, dig." Akacheka, akarekebisha. Lau angeliacha vile, anayetafuta Kidigo cha mikokoni kesho asingempata bibi, ilhali yumo humo akizungumza.