Mzimu Hauchinji Mtu: Kitabu cha Bwana Msa na Hofu ya Mumiani

Ndugu msomaji, wapo wazazi wanaowakataza watoto wao kusoma hadithi za upelelezi, kwa hoja ya kuwa humo mna mauaji, mna mizimu, na mna mambo ya kumnyima mtoto usingizi. Nia yao ni njema. Lakini kitabu hakihukumiwi kwa jina lililoandikwa juu ya jalada, kama vile mtu hahukumiwi kwa kanzu aliyovaa.

Karibuni nilikuwa Mwankoko, nje kidogo ya mji wa Singida, kwa jamaa yangu mmoja, mtu wa pwani aliyehamia huko kwa biashara ya alizeti. Nilimkuta amekipandisha juu ya kabati kitabu alichoazima mwanawe, nacho ni Mzimu wa Watu wa Kale. Akaniambia, "Ndugu yangu, nyumba hii hatutaki ushirikina." Nikamuuliza, "Umekisoma?" Akajibu, "Jina lake latosha." Basi nikamwomba tukisome sote watatu, yeye, mimi na kijana, kila siku baada ya sala ya Isha. Akakubali kwa shingo upande.

Mwandishi wa kitabu hiki ni Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Kilipata ushindi katika mashindano ya hadithi ya East African Literature Bureau ya 1957-58, na kikapigwa chapa mwaka 1960. Bwana Ali, mtu mwenye mali, anakutwa ameuawa penye mzimu, mahali ambapo watu wamezoea kupaogopa. Sasa angalia ubaya wa hofu: ikisha kusemwa kuwa mzimu umeua, nani atauliza tena? Mzimu haushitakiwi, hauapishwi, wala haukamatwi. Muuaji mwenye akili hatafuti kificho bora kuliko hicho.

Ndipo anapoingia Bwana Msa na kiko chake, pamoja na Najum rafiki yake, na Inspekta Seif wa polisi. Bwana Msa hana uganga wala hapigi ramli. Kazi yake ni kutazama, kuuliza, kunyamaza, kisha kulinganisha neno la huyu na neno la yule. Kwa ufupi, anakataa kuamini kwamba mkono usioonekana umefanya kazi ya mkono wa mtu. Kwa hiyo kitabu ambacho jamaa yangu alikiogopa kwa sababu ya mzimu ndicho kinachomwondoa mzimu katika kesi.

Wala si ajabu kuwa mtu huyu ndiye aliyeandika hivyo. Alipomaliza masomo mwaka 1938 aliingia kazi ya ukaguzi katika idara ya afya, akaishika miaka kumi kabla ya kuwa mhariri wa gazeti la Zanzibari mwaka 1948. Bwana afya ni mtu anayebisha hodi majumbani, akapekua mitungi na vyoo, akaulizwa nyuma ya mlango anataka nini hasa. Watu wa kazi kama hiyo ndio waliokuwa wakituhumiwa umumiani.

Neno hili mumiani lina hadithi yake. Asili yake ni dawa, kitu cheusi mfano wa utomvu, kilichouzwa pwani kwa kutibu mifupa iliyovunjika na maradhi mengine. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaieleza dawa hiyo, tena inataja imani ya watu wengi kuwa ni damu ya binadamu iliyogandishwa. Kutoka hapo jina likahama kutoka dawa likamwendea mtu, yule mnyonya damu anayesemwa kuwa huzunguka usiku kwa gari. Zamani za wakoloni watu wa gari la zimamoto walisingiziwa hayo, na Luise White ameyakusanya masimulizi hayo katika kitabu alichokitoa mwaka 2000.

Msomaji atasema hayo ni ya kale. Mwezi wa Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, Dodoma, watu watatu waliotoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, waliuawa na umati na gari lao likachomwa moto, kwa kudhaniwa kuwa ni wanyonya damu. Walikuwa katika shughuli za utafiti wa udongo. Lau mtu mmoja tu angalisimama akasema, "Ngojeni, tuwaulize kwanza," huenda wangalirudi kwa watoto wao.

Na huko Singida kwenyewe wazee wanaikumbuka khabari ya watu-simba. Katika miaka ya 1946 na 1947 watu wengi waliuawa, na maelezo mawili yakashindana: kwamba ni simba wa mwituni, na kwamba ni watu waliovishwa ngozi za simba na kutumwa kuua. Watu walishitakiwa, na wengine wakanyongwa. Mwaka 1962 jarida la Tanganyika Notes and Records lilikuwa bado likiipima upya kesi hiyo. Ikiwa mahakama na wataalamu waliona taabu, vipi umati uhukumu kwa robo saa?

Dini yetu imeliweka wazi jambo hili. Katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kuichunguza khabari anayotuletea fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukabaki tunajuta.

Hata hivyo kitabu kina ila zake, na si haki kuzificha. Bwana Msa huweka mengi moyoni mwake hadi mwisho, ndipo anapoyamwaga yote mara moja. Msomaji anastaajabu, lakini hakufundishwa kupeleleza. Ila ya pili ni kubwa zaidi: akili yote imewekwa katika kichwa cha mtu mmoja, na wengine ni wa kushangaa tu. Kijijini hapana Bwana Msa. Mji usalimike kwa kuwa kila mzee, kila mama na kila kijana ana kipande cha Bwana Msa ndani yake.

Usiku wa mwisho tulipokifunga kitabu, jamaa yangu alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, mwanawe akisikia, kuwa utotoni mwake pwani yeye na wenziwe waliwahi kulipiga mawe gari la watu waliokuja kutoa damu vidoleni. Kioo kikapasuka, dereva akavuja damu usoni. Baadaye ikajulikana ni watu wa afya, wanapima matende. "Hakuna aliyetukemea," akasema. "Wakubwa walitusifu. Lau dereva yule angalikufa, mimi ningelijibu nini mbele ya Mungu?"

Akainuka, akampa kijana kitabu chake, akamwambia, "Kisome. Na ukisikia watu wamepiga kelele ya mumiani, wewe uwe wa kwanza kuuliza."

Ndugu wazazi, hiyo ndiyo fatwa yetu juu ya kitabu hiki. Wallahu aalam.