Ukumbi Uliosahauliwa: Uhakiki wa Uigaji wa Majaribio ya Hertz na Funzo Lake kwa Ufuko wa Ziwa Mweru

Tahakiki hii inachunguza desturi ya kurudia majaribio ya kale ya mawimbi ya redio kwa programu za kusanifu antena. Inadai kuwa marudio hayo huwa na thamani pale tu yanapohifadhi mazingira ya jaribio pamoja na umbo la kifaa.

Mwaka 1888, mjini Karlsruhe, Heinrich Hertz aliyaakisi mawimbi kwa bamba la zinki lenye kimo cha mita 4 na upana wa mita 2, akakadiria urefu wa wimbi kwa kupima umbali baina ya sehemu ambapo cheche zilififia. Vipimo vyake viliashiria kuwa mawimbi husafiri hewani kwa kasi kubwa kuliko kwenye waya, kinyume na nadharia ya Maxwell. Mwaka 1893, Sarasin na de la Rive walilirudia jaribio hilo Geneva katika ukumbi mkubwa zaidi, kwa bamba kubwa zaidi, wakapata kasi zilizo sawa. Ukumbi wenyewe ulikuwa sehemu ya kipimo.

Programu ya NEC-2, iliyotolewa mwaka 1981 na inayopatikana bila malipo, humwezesha mwanafunzi kuona jinsi mkondo wa umeme unavyosambaa kwenye fimbo za Hertz, jambo ambalo Hertz hakuweza kuliona. Hata hivyo, isipoelekezwa vinginevyo, huiweka antena katika uwazi usio na ardhi wala ukuta. Matokeo huwa nadhifu, na tatizo lililowashughulisha watafiti kwa miaka mitano hutoweka. Kinachorudiwa hapo ni nadharia, si jaribio.

Udhaifu huo una athari hata leo. Kati ya Nchelenge na kisiwa cha Kilwa, wimbi hupita juu ya maji yanayoliakisi. Wimbi lililoakisiwa hukutana na lile lililokuja moja kwa moja; yakaimarishana au yakafifishana, kutegemea kimo cha antena na kina cha ziwa kinachobadilika kwa majira. Usanifu unaoupuuza uso wa ziwa unaweza kumwahidi mvuvi mawasiliano asiyoyapata.

Kwa hiyo, mitaala na miradi ya mawasiliano idai uigaji wa namna mbili, katika uwazi na katika mazingira halisi, kisha matokeo yapimwe ufukoni.